UZI: Sifongo ni "huyu" au ni "hii"? Namweka ubavuni mwa papa shilingi tuamue

BintiMsambweni (Donholm, Nairobi), Jumamosi saa 3:10 usiku

Salaam wanajamvi. Uzi huu ni mrefu, naomba subira yenu.

Jana mwanangu aliye gredi ya tano alirudi nyumbani na daftari la insha. Walikuwa wameambiwa waandike kuhusu mnyama wa majini. Wenzake waliandika kiboko, mamba, pomboo. Yeye aliandika sifongo, kwa sababu likizo ya Agosti tulikuwa kwa babu yake Msambweni, na maji yalipokupwa alimwona mmoja amejishika mwambani, mwekundu kama kipande cha maini. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa hii: "Sifongo huyu hana mdomo lakini anakula mchana na usiku." Neno "huyu" limezungushiwa wino mwekundu na juu yake pameandikwa "hii". "Hana" imegeuzwa "haina". "Anakula" imegeuzwa "inakula". Chini kabisa pana maneno mawili: chagua mnyama.

Sitaji shule, na simlaumu mwalimu. Mimi mwenyewe nilizaliwa hatua chache kutoka baharini na nilikua nikijua sifongo ni kitu cha kuogea. Nilikuja kuyajua haya ukubwani, kwa kazi yangu ya maabara, ninapowaandalia vijana hadubini. Lakini mtoto alilala na uchungu, nami usingizi ukanipaa. Kwa hiyo nimeamua kumtetea sifongo hapa, mbele ya watu wazima.

Namlinganisha na papa shilingi. Nimemchagua huyo kwa sababu mbili. Ya kwanza, hakuna Mswahili aliyewahi kusema "papa hii". Ya pili nitaifikia.

Papa shilingi ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Wavuvi wa Mafia humwita potwe. Kwetu tunasema shilingi kwa sababu ya madoadoa meupe mgongoni. Wazee walitusimulia kwamba Mungu alimtupia shilingi zikabaki pale pale. Jina lake la kisayansi ni Rhincodon typus, alilopewa mwaka 1828 na daktari wa jeshi Andrew Smith, baada ya mmoja wa mita nne na nusu hivi kuuawa Table Bay, Afrika Kusini. Huyo alikuwa mdogo. Wakubwa wamefika mita 18, yaani marefu ya basi moja na nusu. Baba yangu alikutana naye mara mbili katika msimu wa kaskazi akiwa kwenye ngalawa. Alisema mara ya kwanza alidhani amepita juu ya mwamba ambao haukuwapo jana yake, kisha mwamba ukageuka.

Na huyu mkubwa hamli mtu. Ana meno zaidi ya elfu tatu, kila jino dogo kama punje ya mchele na halina kazi kubwa. Anafungua kinywa chenye upana wa hadi mita moja na nusu, anavuta maji, anayatoa kwa matamvua, na kinachobaki ndani ndicho chakula: uduvi, mayai ya samaki, dagaa wachanga, vidudu vinavyoelea.

Sasa sifongo. Nachukua aina moja tu ili tusichanganyikiwe, maana aina zilizopewa majina zimepita elfu tisa. Nachukua sifongo pipa, Xestospongia testudinaria, aliyeandikwa na Lamarck mwaka 1815. Anaishi katika Bahari ya Hindi na Pasifiki, hata upande wetu huu wa Afrika Mashariki. Umbo lake ni la pipa au mtungi mkubwa, kuta nene zenye mikunjo, wazi juu. Anafika kimo cha mita moja, wengine hupita, kiasi kwamba mtoto wa gredi ya tano angeweza kujificha ndani. Hana mapezi. Akishashika mwamba utotoni, hapo ndipo kwake hadi kufa.

Ngozi yake ina matundu madogo mno yasiyohesabika. Maji yanaingia kwa matundu hayo, yanapita kwenye vijia ndani ya ukuta, yanatokea katika uwazi wa katikati na kupanda juu kama moshi wa bomba. Kinachobaki ndani ndicho chakula.

Mmeiona sababu ya pili? Ni kazi ile ile. Wote wawili ni wachuja maji. Mmoja anabeba chujio lake na kuyafuata maji. Mwingine amekaa na kuyaita maji yaje. Ndiyo maana nikaacha papa wanaouma ambao kila mtu anawajua. Hao wangekuwa mbali mno na sifongo.

Nitaendelea. Kwanza nataka kumsikia mtu wa lugha.

---

MwalimuWaNgeli (Ruiru), Jumamosi saa 3:41 usiku

Dada, nimefundisha Kiswahili miaka mingi na swali hili limenikalisha chini.

Ngeli ya A-WA haitazami umbo la neno. Kifaru, kipepeo, kiboko wana KI- mwanzoni, lakini husemi "kifaru hiki" ila umemdunisha. Tembo, papa, nyuki hawana kiambishi chochote cha kuwatambulisha, na bado ni huyu na hawa. Upatanisho unafuata uhai wa kinyama: mtu, mnyama, ndege, mdudu, samaki. Mti una uhai pia lakini hauingii hapo, tunasema mti huu. Kwa hiyo "ana uhai" peke yake haitoshi. Lazima wenye sayansi watuambie kama ni mnyama. Wakisema ndiyo, sarufi haina hiari: sifongo huyu, sifongo hawa.

Nadhani shida imetoka bafuni. Neno moja linabeba mnyama wa baharini na kile cha kusugulia mgongo. Tuna mifano. Kuku huyu anadonoa uani. Akishaingia chunguni ni nyama hii. Kile cha bafuni ni hii, sawa. Aliye hai mwambani hawezi kuwa hii.

Nyongeza: wengi wetu tulisuguliwa kwa dodoki, na dodoki ni tunda la mmea unaotambaa kama mtango. Ndiyo maana watoto wengi wa bara wanaamini sifongo naye huota shambani.

---

SamakiGikomba, Jumamosi saa 4:05 usiku

Nimekaa mkekani, nasoma kila neno. Nauza samaki mwaka wa kumi na moja sasa. Papa namjua kwa mikono yangu. Hana mfupa, uti wake ni gegedu, kisu kinapita. Ngozi ukiipapasa kuelekea kichwani inakwaruza kama msasa. Ini lake ni kubwa ajabu, na wazee wa Pwani wameniambia mafuta yake, wanayoyaita sifa, ndiyo yaliyokuwa yakipakwa mbao za majahazi.

Sasa huyo sifongo, dada, ukimpasua utaona nini? Ini hana. Moyo hana. Damu hana. Ubongo hana. Kisicho na moyo nitakiitaje mnyama? Nauliza kwa heshima, nataka kujua.

---

BintiMsambweni, Jumamosi saa 4:50 usiku

Ndugu yangu wa Gikomba, umeorodhesha sawasawa. Ongeza kwamba hana tumbo, hana misuli, hana mshipa hata mmoja wa fahamu. Ukimpasua utaona vijia, na ukipapasa utachomwa na vijiti vidogo kama vumbi la kioo. Vijiti hivyo ndivyo mifupa yake, amevijenga kwa silika, yaani madini yanayotengenezea kioo, anayoitoa majini. Kwa mwili mzima, papa amemshinda kwa kila kiungo.

Lakini kinachomfanya mnyama kuwa mnyama si moyo. Mmea hujipikia chakula kwa jua. Sifongo pipa anakula viumbe wengine. Seli za mmea na za uyoga zimezungukwa na kuta ngumu. Seli za sifongo ziko tupu kama zangu na zako. Na anazaa kwa yai na mbegu ya kiume. Kuna siku sifongo pipa hutoa mbegu zao majini kwa pamoja, bahari inafuka kama kijiji kinachopika. Mtoto wa sifongo, kabla hajashika mwamba, anaogelea. Ni siku chache tu za maisha yake, lakini anaogelea.

Hata wasomi walibishana juu ya jambo hili muda mrefu. Aliyelimaliza ni Mskoti, Robert Grant, huko Edinburgh mwaka 1825. Alikata kipande kidogo cha sifongo, akakitia maji ya bahari katika kisahani cha kioo chini ya hadubini, akamulika kwa mwanga wa mshumaa. Akaona maji yakibubujika kutoka tundu moja kama chemchemi, na vipande vya uchafu vikirushwa nje. Hakuna aliyekuwa akiyasukuma kutoka nje. Yule kiumbe mwenyewe ndiye aliyekuwa akipiga pampu.

Pampu yenyewe ni seli. Ndani ya vijia vyake mna vyumba vidogo vilivyojaa seli zenye mjeledi mmoja kila moja, na kuzunguka mjeledi kuna ukosi, kama ukosi wa shati lakini umefumwa kwa nyuzi nyembamba kupita kiasi. Mjeledi unapiga, maji yanavutwa kupita kwenye ukosi, na kilichomo kinanaswa. Kila seli inakula ilichokamata na kugawia jirani. Hapo ndipo "anakula mchana na usiku" ya mwanangu ilipotoka.

Sasa tazama machujio mawili haya. Papa shilingi ana pedi 20 za kuchujia nyuma ya kinywa, zenye matundu ya upana wa milimita moja na kidogo. Hilo ni chekecheke. Sifongo ananasa hata bakteria, vitu vidogo mara elfu moja kuliko tundu la chekecheke lile. Mama yangu alikuwa na kifumbu cha kukamulia tui, na alikuwa na kitambaa cha kuchujia dawa za mitishamba. Kifumbu hakiwezi kazi ya kitambaa, wala kitambaa hakiwezi kukamua nazi kumi. Kwa hiyo papa shilingi na sifongo wanaweza kula katika maji yale yale bila kunyang'anyana tonge.

Na kiasi? Watafiti waliowapima papa shilingi upande wa Meksiko walikadiria kwamba mmoja wa mita sita hivi hupitisha mita za ujazo 600 kwa saa akila juu ya maji. Hizo ni lita laki sita. Kwa sisi wa Nairobi tunaosubiri boza la maji la lita elfu kumi mtaani, huyo anamaliza maboza 60 kwa saa moja.

Sifongo naye amepimwa. Wapo wanaopitisha maji sawa na ujazo wa mwili wao kila baada ya sekunde 5. Chukua sifongo wa ukubwa wa mtungi wa lita 20. Kwa siku na usiku ni zaidi ya lita laki tatu na arobaini na tano elfu, maboza 34. Akiwa amekaa.

---

HesabuKwanza (Kasarani), Jumamosi saa 5:15 usiku

Uzi mzuri, lakini naomba turekebishe. Kwanza umesema sifongo pipa ana uwazi katikati. Mtungi wa lita 20 wenye uwazi si lita 20 za nyama. Pili, hiyo sekunde 5 ni ya sifongo gani? Umeianza hesabu na aina moja ukaimaliza na nyingine. Tatu, kulinganisha samaki wa mita sita na mtungi si haki kwa yeyote. Gawa kwa uzito.

---

BintiMsambweni, Jumamosi saa 5:58 usiku

Umenishika mahali penyewe, na nashukuru. Nairudia.

Sekunde 5 ni ya wenye kasi, na sifongo pipa si wa mbio hizo. Tuchukue sekunde 20, na tuhesabu lita 20 za nyama tupu, uwazi tuuache nje. Siku ina sekunde 86,400. Ukigawa kwa 20 unapata mara 4,320. Mara lita 20, ni lita 86,400. Maboza manane na nusu badala ya 34. Naifuta ile ya kwanza.

Kwa uzito sasa. Papa yule wa mita sita hali hivyo saa zote. Makadirio ni saa saba na nusu hivi kwa siku juu ya maji. Hiyo inafika lita milioni nne na nusu. Samaki wa urefu huo ana zaidi ya tani moja, kwa hiyo kwa kila kilo ya mwili wake ni lita 4,500, na akiwa na tani mbili zinashuka hadi 2,250. Sifongo kwa kila lita ya nyama, ambayo ni kama kilo moja, ni 4,320. Wanalingana, au sifongo ametangulia.

Nimeiangalia karatasi hii muda mrefu. Samaki mkubwa kuliko wote duniani, na kitu ambacho mtoto wangu aliambiwa si mnyama, wanatoshana kazi, kilo kwa kilo.

---

MuuguziWaUsiku, Jumapili saa 8:20 usiku

Nasoma nikiwa zamu, wodi imetulia. Nina neno kutoka upande wangu.

Nahudumia wagonjwa wa saratani ya damu. Mojawapo ya dawa tunazotumia inaitwa saitarabini. Chanzo chake ni sifongo. Mwanakemia Werner Bergmann alimchunguza sifongo wa Karibiani, Tectitethya crypta, na katika miaka ya 1950 akachapisha habari za kemikali alizokuta ndani yake, zilizofanana na matofali ya vinasaba lakini zenye sukari tofauti. Seli ya saratani ikilichukua tofali hilo la uongo inashindwa kujinakili. Wengine wakaunda saitarabini kwa mfano huo, na Marekani ikaidhinisha mwaka 1969. Leo inatengenezwa kiwandani, hakuna sifongo anayevunwa kwa ajili yake. Lakini wazo lilitoka kwake. Hana miguu ya kukimbia, hana meno, kwa hiyo anajilinda kwa kemia.

Na papa? Hapa moyo unaniuma. Nimepokea wagonjwa waliochelewa kwa sababu waliuziwa unga wa gegedu la papa, wakaambiwa papa hapati saratani. Papa hupata saratani. Na unga huo ulipojaribiwa kwa wagonjwa haukuwasaidia. Familia moja iliuza ng'ombe kuununua. Tafadhali, anayesoma hapa na ana mgonjwa nyumbani, msimpe huo unga mkaacha matibabu.

---

MzamiajiWaLangata, Jumapili saa 2:30 asubuhi

Mimi hushuka Pwani kila nikipata likizo, napanda treni ya asubuhi na mizigo yangu ya kuzamia. Papa shilingi nimemwona mara moja, Mafia, mwezi wa kumi na mbili, akila uduvi karibu na uso wa maji. Tulikuwa tumekatazwa kumgusa na kupiga picha kwa mwanga mkali, na ni sawa kabisa.

Mkuu wa mashua alituomba kila mmoja apige picha ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua. Nilidhani ni ya kumbukumbu. Kumbe shilingi zile hazifanani kwa papa wawili. Wataalamu walichukua programu ya wanaanga, iliyotengenezwa kulinganisha ramani za nyota, wakaigeuza isome madoa ya papa. Picha ya mgeni yeyote inaweza kuonyesha kwamba papa wa leo ndiye yule wa miaka mitano iliyopita. Kwa hiyo wazee waliomwita shilingi walitazama mahali hasa pa kutazamwa.

Uzazi wake ni siri mpaka leo. Mwaka 1995 jike mmoja alivuliwa Taiwan akiwa na watoto karibu 300 tumboni. Ndipo ikajulikana wazi kwamba mayai huanguliwa ndani na anazaa watoto hai.

Sifongo pipa nimeogelea juu ya wengi, na nakiri kwamba sikuwa nikisimama. Mara moja tu mwenzangu alinivuta, akanionyesha kikamba cha waridi chenye manyoya, kidogo kama ukucha, kimejificha kwenye mikunjo. Kinaishi kwenye sifongo huyo. Nilikuwa nikipita juu ya nyumba ya watu.

---

BabaTaji (Pangani), Jumapili saa 4:02 asubuhi

Swali langu: wanaishi miaka mingapi? Na je, sifongo akikatwa anahisi?

---

BintiMsambweni, Jumapili saa 6:40 mchana

Baba Taji, la kwanza ni rahisi kidogo. Papa shilingi ana mapete katika pingili za uti wa mgongo kama mti, lakini watu walibishana kama pete moja ni mwaka au nusu mwaka. Jibu limetoka mahali pa kutisha. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliacha kaboni ya aina ya pekee katika bahari zote, na kaboni hiyo imo ndani ya mapete. Utafiti wa mwaka 2020 ulitumia alama hiyo, ukaona pete moja ni mwaka mmoja, na papa wa mita kumi alikuwa na miaka 50. Watafiti wanaamini wapo wanaopita hapo sana. Huo uzee ndio unaowaumiza: anayekua polepole hivyo, ukimvua huzibi pengo lake upesi. Tangu 2016 amewekwa katika orodha ya walio hatarini kutoweka.

Sifongo pipa wetu sina miaka yake, lakini ndugu yake wa Karibiani, Xestospongia muta, amekadiriwa kwa kasi ya kukua kwake. Mkubwa mmoja wa Curaçao alihesabiwa kuwa na miaka 2,300 hivi alipougua na kufa. Alikuwa mwambani kabla jahazi la kwanza lenye jina tunalolijua halijatia nanga Kilwa.

La pili ni gumu. Hana fahamu za kuhisi maumivu kama sisi. Ila mwaka 1907 Wilson, mwanasayansi wa Marekani, alimkamua sifongo hai kupitia kitambaa chembamba hadi zikabaki seli moja moja majini, kama unga. Seli zikatambaa, zikatafutana, zikashikana, zikajijenga upya kuwa sifongo. Samaki wetu mkubwa ukimfanyia hivyo umemaliza habari yake.

Na nimeacha hili la mwisho kwa makusudi, kwa ajili ya ndugu wa Gikomba aliyeuliza moyo. Chujio lolote huziba, mnajua. Papa shilingi ameonekana akikohoa: anatoa maji kwa nguvu kupitia kinywani kusafisha pedi zake. Sifongo naye? Mwaka 2022 watafiti walichapisha picha walizopiga kwa muda mrefu za sifongo mmoja wa Karibiani mwenye umbo la bomba. Takataka zinazoziba matundu yake hufungwa katika ute, ute unasukumwa nje kinyume na maji yanayoingia, unakusanyika juu ya ngozi, kisha mwili wote unajikunja na kujikunjua na kuutupa. Samaki wadogo wanasubiri kuula. Ni chafya. Chafya moja inachukua kati ya dakika 20 na 50. Ukimtazama kwa macho utasema ni jiwe. Ukimtazama kwa saa yake, anapiga chafya.

---

SamakiGikomba, Jumapili saa 7:15 mchana

Nimekubali. Anayepiga chafya ni huyu.

---

MwalimuWaNgeli, Jumapili saa 7:33 mchana

Dada, mwambie mtoto asifute sentensi yake. Na kama utaniruhusu, kesho nitaiandika ubaoni darasani kwangu, bila jina lake, niwaulize wanafunzi ni ngeli gani kabla sijawaambia chochote.

---

BintiMsambweni, Jumapili saa 2:05 usiku

Ruhusa unayo, mwalimu, na nitamwandikia mwalimu wa mwanangu barua ya adabu nikimwambatishia maelezo haya. Si ya kubishana. Huenda naye hakuwahi kuonyeshwa.

Jioni nimemsomea mtoto majibu yenu yote. Hesabu za maboza alizipenda. Ya yule wa Curaçao ilimnyamazisha. Kisha akachukua daftari, na chini ya wino mwekundu ameandika sentensi nyingine kwa kalamu ya risasi: "Sifongo huyu hana pua lakini anapiga chafya nusu saa nzima."